Tundu la hewa, suala lililosahaulika katika vita dhidi ya moshi Meru na Embu

SERIKALI ya Kenya imeahidi kwamba kufikia mwaka wa 2028 kila familia nchini itakuwa ikipikia nishati safi. Ahadi hiyo, iliyomo katika mkakati wa kitaifa wa mapishi wa 2024 hadi 2028, imezua mjadala ambao kwa sehemu kubwa umehusu aina ya nishati: gesi, umeme, ethanoli, makaa au kuni.

Katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, kuanzia Embu kupitia Chuka hadi Meru, mjadala huo umeliacha kando jambo ambalo wahandisi wa mwako wamelishughulikia kwa miongo mingi. Jambo lenyewe ni mahali hewa inapoingilia motoni, kiasi chake na mwelekeo wake. Kuni za mti ule ule zaweza kuijaza nyumba moshi, au zikawaka pasipo moshi wa kuonekana kwa macho. Mara nyingi kinacholeta tofauti hiyo ni tundu.

Suala lenyewe si dogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya zilitegemea kuni kwa mapishi, na vijijini idadi hiyo ilipita familia nane katika kila kumi. Meru na Embu kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya watu milioni 2.1 wakati huo, wengi wao wakazi wa mashambani. Hata serikali ikitimiza nusu ya ahadi yake, maelfu kwa maelfu ya kina mama wa Igembe, Imenti, Runyenjes na Mbeere wataendelea kuinamia moto wa kuni kwa miaka kadhaa ijayo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, vikiwemo vya watoto zaidi ya 237,000 waliokuwa hawajatimiza umri wa miaka mitano. Watoto hao ndio hubebwa mgongoni au kuketishwa karibu na mafiga wakati mama anapopika.

Kuna upande wa pili wa suala hili, nao ni wa mfuko. Viwanda vya majani chai vya eneo hili, miongoni mwavyo Mungania na Rukuriri huko Embu, na Imenti, Githongo, Kinoro, Kionyo na Michimikuru huko Meru, hutumia kuni kuchemshia maji ya mvuke unaokausha chai. Zaidi ya kilo nne za majani mabichi huhitajika ili kupata kilo moja ya chai iliyo tayari, na tofauti hiyo yote ni maji yanayopaswa kuondolewa. Gharama ya kuni hukatwa kabla mkulima hajaiona bonasi yake.

Ili kuelewa kwa nini tundu la hewa lina uzito huo, yafaa kwanza kuelewa kuni huwaka vipi. Watu wengi huamini kwamba unaowaka ni mti wenyewe. Ukweli ni kwamba mti ukipashwa joto hutoa gesi, na gesi hizo ni takribani robo tatu ya uzito wa kuni kavu. Ndimi za moto zinazoonekana ni gesi hizo zikiungua. Makaa yanayosalia ni ile robo ya mwisho, ambayo huwaka polepole na kwa wekundu.

Gesi zikikosa hewa ya kutosha, au zikikutana nayo zikiwa zimekwisha kupoa, haziungui. Hupanda juu zikiwa moshi, masizi na kaboni monoksidi, ile hewa isiyo na rangi wala harufu inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Kwa hiyo moshi ni nishati iliyolipiwa, ama kwa pesa ama kwa mgongo wa aliyebeba kuni, na ambayo haikupata nafasi ya kuwaka.

Kilo moja ya kuni kavu huhitaji takribani kilo sita za hewa ili iungue yote. Mama anayetumia kilo tatu za kuni kupika chakula cha jioni huwa pia ametumia, bila kujua, kilo 18 hivi za hewa. Hakuna anayeipima wala kuinunua, na labda ndiyo sababu hakuna anayeizungumzia.

Jambo linalotatiza ni kwamba hewa hiyo haistahili kuingia yote mahali pamoja. Sehemu ndogo huhitajika chini, penye kuni, ili kuufanya mti utoe gesi na makaa yaendelee kuwaka. Sehemu kubwa huhitajika juu ya kuni, mahali gesi zilipo, nayo yafaa iwe imepata joto kabla ya kufika hapo. Hewa nyingi mno ikiingia chini, kuni huteketea upesi na gesi hutoka kwa wingi kuliko zinavyoweza kuchomwa. Ikiingia nyingi mno juu ikiwa baridi, moto hupoa na moshi hurudi.

Mafiga matatu hayana namna ya kuigawa hewa hiyo. Hewa huingia kutoka kila upande, na upepo ukigeuka, moto nao hugeuka. Ni haki kuongeza kwamba mpishi hodari hujua kuusimamia moto wa mafiga: huzisukuma kuni kidogo kidogo, huacha nafasi kati yake, na hupuliza pale tu panapohitajika. Kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe ndiye huwa kidhibiti cha hewa. Lakini maarifa hayo humtaka awe karibu na moshi muda wote, na hapo ndipo madhara yalipo.

Majiko yaliyofuata yalijaribu kuyahamisha maarifa hayo kutoka mikononi mwa mpishi hadi kwenye umbo la chombo. Jiko la makaa lenye kiuno na ndani ya udongo, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, lina kijilango cha chini kinachofungwa na kufunguliwa ili kupunguza au kuongeza hewa inayopita katikati ya matundu ya chanja. Kwa makaa, ambayo gesi zake zilikwisha kutoka kule yalikochomewa, hewa ya chini inatosha kwa kiasi kikubwa. Kwa kuni haitoshi.

Hapo ndipo Embu inapoingia katika historia ya jambo hili. Katika muongo uliopita, watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo cha misitu, ICRAF, wakiongozwa na Mary Njenga, walipeleka katika eneo la Kibugu jiko la aina tofauti na kulilinganisha na mafiga matatu katika jikoni za wanakijiji wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2016. Jiko hilo hujazwa vipande vya kuni au magunzi ya mahindi na kuwashwa kutoka juu. Moto hushuka polepole, gesi hupanda, na karibu na ukingo wa juu hukutana na safu ya matundu yanayoleta hewa iliyopashwa joto kwenye ukuta wa jiko. Gesi huungua hapo, chini kabisa ya sufuria.

Jiko hilo lilitumia kuni chache na kutoa moshi kidogo mno likilinganishwa na mafiga. Aidha, mapishi yanapokwisha hubaki makaa ambayo mama aweza kuyatumia katika jiko jingine au kuyasaga na kuyatia shambani ili kuboresha udongo. Matawi yaliyopogolewa ya mgrevilea, mti uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba karibu kote katika miteremko hii, yalitosha kuwa kuni. Hakukuwa na haja ya kugusa msitu.

Fikra yenyewe haikuzaliwa Embu. Katika miaka ya 1980 Tom Reed wa Marekani na Paal Wendelbo wa Norway, kila mmoja kwa njia yake, walifikia wazo la kuwasha kuni kutoka juu. Wendelbo aliliita jiko lake Peko Pe, maneno ya Kiacholi yenye maana ya hakuna tatizo.

Hata hivyo, matatizo yapo. Jiko la aina hiyo hujazwa mara moja, na kuongeza kuni katikati ya mapishi huvuruga mpangilio wote wa gesi na hewa. Kwa chai au ugali hilo halina neno. Kwa githeri, inayotokota kwa saa kadhaa, ni kero. Kuni nazo sharti zikatwe vipande vifupi vinavyolingana, kazi ambayo mafiga hayaidai. Wanaojiuliza mbona majiko mengi mapya huishia ghalani wangeanza kwa kuitazama sufuria ya githeri.

Hatua inayofuata katika elimu hii ni ile ya kuizungusha hewa. Matundu yakitobolewa mshazari, au hewa ikiingizwa kwa kuambaa na ukuta wa duara badala ya kulenga katikati, moto hugeuka kisulisuli. Katikati ya kisulisuli shinikizo hupungua, na upungufu huo huvuta sehemu ya gesi moto kuzirudisha nyuma, hadi kwenye shina la ndimi. Gesi hizo huwasha zile mpya zinazoingia. Moto hushikilia mahali pake, hewa na gesi huchanganyika vyema, na kila chembe hupata muda mrefu zaidi ndani ya joto kabla ya kutoka.

Kanuni hiyo hutumika katika injini za ndege za jeti na katika vichomeo vya mitambo mikubwa ya umeme. Pia hutumika katika vichomeo vya mafuta mazito, vyenye mapezi ya chuma yanayoizungusha hewa pembeni mwa mnyunyizo wa mafuta. Wahandisi huipima nguvu ya mzunguko kwa kuilinganisha na nguvu ya hewa inayosonga mbele. Mzunguko ukiwa dhaifu, gesi hazirudi nyuma hata kidogo. Ukizidi, ndimi hutawanyika na kulamba kuta, na chuma huungua kabla ya wakati wake.

Je, kisulisuli hicho chaweza kuingizwa katika jiko la mwanakijiji wa Kibugu? Jibu la kweli ni kwamba chaweza kwa kiasi kidogo tu. Kuizungusha hewa huhitaji shinikizo, na jiko la urefu wa nusu mita lisilo na feni lina shinikizo la asili la paskali chache tu. Tundu jembamba lililoinamishwa huongeza mzunguko na papo hapo huzuia hewa kuingia. Mafundi wanaotoboa matundu ya mshazari kwa kuvutiwa na uzuri wa moto unaozunguka hujikuta wakati mwingine wamelinyima jiko pumzi.

Feni ndogo ya umeme au betri huondoa kikwazo hicho, lakini huja na vikwazo vyake. Katika Malawi, utafiti mkubwa uliochapishwa mwishoni mwa 2016 katika jarida la Lancet uliwafuatilia watoto zaidi ya 10,000, nusu ya familia zao zikiwa zimepewa majiko ya kuni yenye feni. Nimonia haikupungua kwa watoto waliokuwa katika familia hizo. Majiko yaliharibika na kuhitaji kukarabatiwa mara kwa mara, na moshi wa takataka zinazochomwa, wa tumbaku na wa majirani uliendelea kuwafikia watoto wale wale. Umbo zuri la tundu haliwezi kuyatibu yote hayo.

Mahali ambapo kisulisuli kina nafasi ya kweli katika Meru na Embu ni viwandani. Humo mna feni, mna umeme, na mna mafundi wa zamu usiku na mchana. Kiwanda cha Imenti hata kina mtambo wake mdogo wa umeme wa maji.

Viwanda vingi vya majani chai vilivyo chini ya KTDA vilikuwa vikitumia mafuta mazito kabla ya bei ya mafuta kuvisukuma kwenye kuni. Uamuzi huo ulikuwa na busara ya kihasibu. Lakini kwa upande wa mwako, viliacha nishati inayochomwa kwa hewa iliyopangwa barabara na kuchukua magogo yanayotupwa juu ya chanja kupitia mlango unaofunguliwa kila mara. Kila unapofunguliwa, hewa baridi huingia kwa kishindo isikohitajika, joto la tanuri hushuka, na wingu jeusi hutoka kwenye dohani. Mlango ukifungwa, huenda hewa ya juu ya kuni ikawa haitoshi.

Unyevu wa kuni huzidisha hasara hiyo. Kilo moja ya kuni mbichi, zenye maji nusu kwa nusu, hutoa joto linalozidi kidogo tu nusu ya lile la kilo moja ya kuni zilizokauka hadi asilimia 20. Katika miezi ya mvua, kiwanda kisicho na ghala la kuanikia kuni hununua maji kwa bei ya kuni, kisha huchoma kuni nyingine ili kuyaondoa maji hayo.

Mahitaji ya viwanda yaligongana na sera mnamo Februari 2018, serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, hatua iliyopingwa na watetezi wa mazingira. Katika miaka hiyo mitano mazungumzo yalihusu wapi kuni zitapatikana. Ni nadra iliposikika hoja kwamba tanuri lililorekebishwa hewa lingehitaji kuni chache.

Kuna nishati nyingine inayolisubiri tanuri la kisulisuli, nayo imo mlangoni. Mwea, katika kaunti jirani ya Kirinyaga, hukoboa mpunga, na takribani sehemu moja ya tano ya uzito wa mpunga ni makapi. Embu na Meru hubangua makadamia na kukoboa kahawa. Magunzi ya mahindi hayana hesabu. Maganda ya makadamia ni mazito na magumu, na huwaka karibu kama kuni. Makapi ya mpunga ni mepesi mno. Yakimwagwa juu ya chanja huziba hewa, hufuka moshi kwa saa nyingi na kuacha majivu meusi ambayo nusu yake bado ni kaa.

Makapi hayo hayo yakipulizwa ndani ya tanuri la duara pamoja na hewa inayoambaa na ukuta, hubaki yakizunguka hewani hadi yaungue. Chembe nzito husukumwa pembeni na kukaa muda mrefu zaidi, nyepesi humalizika mapema. Matanuri ya namna hiyo yametumika katika nchi za Asia zinazolima mpunga. Tahadhari moja ni ya lazima: majivu ya makapi ya mpunga yamejaa silika, madini yale yale ya mchanga, na joto likizidi huyeyuka na kuganda kwenye kuta mithili ya kioo. Mhandisi atakayeiga mtambo wa kuchomea unga wa mbao bila kuupanga upya atajipata akibomoa tanuri kwa nyundo.

Halafu kuna jambo ambalo michoro inayotoka ng'ambo huwa hailizingatii, nalo ni kimo. Mji wa Embu uko takriban mita 1,350 juu ya usawa wa bahari, na mashamba ya chai huinuka hadi karibu mita 2,000. Katika kimo hicho cha juu, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na ile ya Mombasa. Tundu lililopimwa pwani, Uholanzi au China huingiza hewa pungufu likifika Mungania, hata kama jicho halioni mabadiliko yoyote. Jiko lililofaulu mtihani kule laweza kufuka moshi huku, na mnunuzi akailaumu kuni au kumlaumu fundi.

Kenya haikosi sheria. Kanuni za majiko bora ya kuni na makaa zilitungwa mwaka wa 2013, na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina viwango vya majiko. Vilevile, pesa zimekuwepo. Mradi wa Hifadhi, uliofadhiliwa kwa matarajio ya hati za kupunguza hewa ya ukaa, ulilenga kufikisha majiko katika nyumba 60,000 za Embu na Tharaka Nithi. Biashara ya hati hizo yenyewe imetiliwa shaka tangu Januari 2024, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Sustainability ulipokadiria kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa katika nchi mbalimbali ilijihesabia manufaa zaidi ya mara tisa ya yale halisi. Sababu mojawapo iliyotajwa ni kudhani kwamba kila aliyepewa jiko hulitumia, na kwamba ameyaacha mafiga.

Kati ya kanuni hizo na jikoni yuko fundi wa jua kali. Ndiye anayeuza jiko sokoni Runyenjes, Nkubu au Maua, kwa bei ambayo mkulima mdogo anaimudu. Huiga kwa jicho. Bati likipanda bei, jiko hufupishwa kidogo, na urefu ndio unaovuta hewa. Msumari wa kutobolea ukivunjika, hutumiwa mwingine mnene zaidi. Matundu ya juu, ambayo kwake hayaonekani kuwa na kazi, huachwa nusu kwa sababu kila tundu ni dakika ya kazi isiyolipwa. Jiko hutoka likifanana kabisa na lile la watafiti.

Kumpa fundi huyo kielelezo cha bati chenye alama za matundu, kilichojaribiwa katika kimo cha Embu na Meru kwa kuni za mgrevilea na magunzi, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa vyuo vya ufundi vya kaunti hizi mbili na haihitaji mkopo kutoka nje. Viwandani, kipimo cha oksijeni kwenye dohani humwonyesha mchochea moto papo hapo iwapo hewa imezidi au imepungua, badala ya kukisia kwa rangi ya moshi. Wakulima ndio wenye hisa katika kampuni 54 za viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, na mikutano yao ya kila mwaka huwa na nafasi ya maswali. Katika mikutano hiyo huulizwa bei ya mnada wa Mombasa, mbolea na bonasi. Swali la kilo ngapi za kuni zimechomwa kwa kila kilo ya chai, na ngapi kati yake zimetokea kwenye dohani zikiwa moshi, nalo linaruhusiwa.